Miti ya Asembo na Vyeti vya Londiani

Kijana wa Asembo Bay anayetafuta kazi ya misitu huulizwa cheti kabla ya kuulizwa kama amewahi kuotesha mche. Swali hilo tumelizoea kiasi cha kusahau kwamba lina historia, na historia hiyo husomeka vizuri zaidi kwenye ufuo huu wa Rarieda, kaunti ya Siaya, kuliko ndani ya misitu mikubwa ya Mau au Aberdare. Hapa hakuna msitu mkubwa wa serikali. Miti ya Asembo ni ya boma, ya mpaka wa shamba, ya ukingo wa mto na ya kilimani, na walioipanda, walioipogoa na walioipasua mbao walifanya hivyo bila sare wala barua ya kuajiriwa. Hoja ninayoitetea ni kwamba kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja karatasi za serikali kuhusu kazi ya miti zilipima zaidi utii wa mfanyakazi na uwezo wake wa kulinda mali ya serikali, huku ujuzi wa kukuza miti ukipimwa mahali pengine, na watu wengine, kwa vipimo ambavyo havikuandikwa popote ingawa vilikuwa vikali. Wanaotunga leo vyeti vya misitu vya ngazi ya kwanza wanapaswa kuijua historia hiyo, kwa sababu inawaonyesha watahini ni nani na mtihani ufanyikie wapi.

Vipimo hivyo vilikuwa ndani ya maisha ya kila siku. Katika boma la Kijaluo kila mti ulikuwa na kazi yake inayojulikana. Ojuok, ambao Waswahili huuita mnyaa, ulizungushwa kuwa ua. Siala ulitoa nguzo na fito za nyumba, kwani hukua wima na kuchipua tena ukishakatwa. Ober ulitoa kivuli na mbao, na chwaa, yaani mkwaju, uliachwa usimame hata pale shamba lilipofyekwa. Juu ya yote hayo kulikuwa na mvule, mti ambao mbao zake hustahimili maji na mchwa, na ambao mafundi wa mashua waliuthamini kuliko mwingine wowote. Wasuba wa Rusinga na Mfangano walikuwa na sifa ya kuunda mashua, na kutoka visiwa vya Sese, upande wa Buganda, muundo wa mashua ya mbao zilizoshonwa ulienea hadi fuo za ghuba ya Winam. Ujuzi huo ulihitaji kuutambua mti uliokomaa, kujua uangushwe upande gani usipasuke, kuzichana mbao kwa kufuata nyuzi zake na kuziacha zikauke kwa kiasi kinachofaa. Mwanagenzi alijifunza kando ya fundi, na hukumu ilitolewa na wavuvi waliopanda chombo hicho. Fundi ambaye mashua yake ilivuja hakuagizwa nyingine. Huo ulikuwa mtihani wa kazi ya miti, na matokeo yake yalijulikana ufuo mzima.

Serikali ya kikoloni ilipofika na reli, ilileta maana nyingine kabisa ya kazi ya misitu. Reli ya Uganda iligusa ziwa mahali palipoitwa Port Florence, ambapo sasa ni Kisumu, Desemba 1901, na Idara ya Misitu ikaanzishwa mwaka 1902. Miaka hiyo miwili haikufuatana kwa bahati. Injini za reli zilichoma kuni, na aliyetaka treni zitembee alihitaji kujua kuni zitatoka wapi kesho na keshokutwa. Msitu ukawa akiba ya serikali, na watu wa kwanza kuhitajika walikuwa wakataji na walinzi. Mkataji alihitaji nguvu, na mlinzi alihitaji kutii na kukamata. Hata mfumo wa shamba ulioanzishwa mwaka 1910, ambamo mfanyakazi aliruhusiwa kulima chakula kati ya miche ya serikali huku akiitunza hadi ikue, ulimtambua mkulima huyo kama kibarua tu. Yeye ndiye aliyejua mche upi umekufa kwa kiu na upi kwa mchwa, lakini ujuzi wake haukuandikwa popote. Kwenye fuo za Nyanza, isitoshe, ugonjwa wa malale ulioikumba nchi ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20 ulileta amri za kufyeka vichaka ili kumfukuza mbung'o. Kwa hiyo wakazi wengi wa ufuo walikutana na serikali katika jambo la miti kwa mara ya kwanza wakiwa na panga mkononi, wameagizwa kukata.

Karatasi ya kwanza iliyomfuata mfanyakazi wa Nyanza kila alikokwenda ilikuwa kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha, kati ya 1919 na 1920. Mwanamume alitakiwa kutembea nacho, mara nyingi kikiwa ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni, na ndani yake mwajiri aliandika tarehe ya kuajiriwa, mshahara na tarehe ya kuachishwa. Wengi waliotoka Nyanza kwenda kufanya kazi katika mashamba ya chai ya Kericho, yaliyopanuka kuanzia miaka ya 1920, walipitia utaratibu huo. Mashamba hayo yalipanda mikaratusi ili kupata kuni za kukaushia chai, na kuitunza kulihitaji ujuzi halisi: kupanda kwa nafasi, kupogoa, kukata kwa zamu ili visiki vichipue. Lakini kipande hakikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu anajua kupogoa. Mwajiri aliyekifungua aliweza kujua mtu huyu aliwahi kulipwa kiasi gani na kama alitoroka kazi. Hicho ndicho cheti cha kwanza cha mfanyakazi wa ngazi ya chini katika historia ya Kenya, na wanaoshangaa kwa nini wazee wa Nyanza walikuwa na mashaka na karatasi za kazi wanapaswa kuanzia hapo.

Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya mkutano uliofanyika Lundha, Gem, Desemba 1921, ambapo Young Kavirondo Association ilizaliwa chini ya viongozi kama Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende. Watu waliuita mkusanyiko huo Piny Owacho, nchi imesema. Mwaka 1923 shemasi mkuu Walter Owen wa misheni ya CMS alizielekeza harakati hizo kwenye chama kipya, Kavirondo Taxpayers Welfare Association, na wanachama wake wakaahidi mambo ya nyumbani kwao: kuua panya, kuchimba vyoo, kusafisha makazi na kupanda miti. Wanahistoria wengi huitazama hatua hiyo kama kupooza kwa siasa, na wana sababu nzuri. Nguvu iliyokuwa ikidai kipande kifutwe ilielekezwa kwenye vyoo na panya. Hata hivyo, kwa anayefuatilia kazi ya miti, ahadi ile ina uzito ambao mabishano ya kisiasa yameuficha. Ilimchukua mtu wa kawaida wa wilaya ya Central Kavirondo kuwa mpandaji wa miti kwa hiari yake, ikampima kwa miti iliyosimama bomani kwake, na waliompima walikuwa wanachama wenzake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, mwezi Julai 1922, afisa wa misitu Richard St. Barbe Baker na Chifu Josiah Njonjo walikuwa wameanzisha Watu wa Miti huko Muguga. Kila mwanachama aliahidi kupanda miti kumi kwa mwaka na kuitunza miti kokote, akavishwa beji mkononi. Harakati hizi mbili hazikuwa na chimbuko moja, na ya Muguga ilikuwa na Mzungu wa serikali nyuma yake. Zote mbili zinathibitisha kwamba katika miaka ileile ambayo dola ilikuwa ikisambaza kipande, kulikuwa na namna nyingine ya kumtambua mtu wa miti, iliyojengwa juu ya ahadi na ushahidi wa macho.

Njia hiyo haikuingizwa katika elimu rasmi. Shule ya mafunzo ya misitu ilifunguliwa Londiani mwaka 1957, ikaja kuwa Chuo cha Misitu cha Kenya, na hadi leo ndicho kitovu cha vyeti na stashahada za fani hiyo. Sina nia ya kukidharau. Vizazi vya maafisa waliopitia Londiani walipanda na kutunza misitu ya mbao ambayo viwanda vya nchi hii viliitegemea. Lakini mahali chuo kilipojengwa palielekeza kile kilichofundishwa. Londiani iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, penye baridi na mvua, karibu na mashamba ya saipresi na misonobari. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134, na ufuo wa Asembo una jua kali, mvua isiyoaminika na udongo ambao saipresi huuchukia. Mtu aliyefaulu vizuri kabisa juu kule aliweza kushuka ziwani akakuta hajui hata jina la mti mmoja bomani. Huduma ya ugani wa upandaji miti vijijini ilipoanzishwa mwaka 1971, maafisa walipelekwa kwa wakulima wakiwa na mafunzo ya kusimamia msitu wenye mpaka, mlinzi na ramani. Shamba la ekari mbili lenye mahindi, mtama, mbuzi na siala tano lilikuwa jambo jipya kwao, wakati kwa mama mwenye shamba lilikuwa jambo la kila siku.

Pengo hilo lilionekana wazi kuanzia mwaka 1977, Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement kupitia Baraza la Kitaifa la Wanawake. Katika kumbukumbu zake za maisha anaeleza jinsi wataalamu walivyotilia shaka kwamba wanawake wa vijijini wangeweza kuotesha miche bila kusomea, na jinsi wanawake hao walivyotumia vyungu vilivyovunjika, mbegu walizookota na uzoefu wao wa kupanda maharage na mahindi. Aliwaita maafisa misitu wasio na stashahada. Jambo linalonivutia zaidi ni namna walivyolipwa: kikundi kilipata senti chache kwa kila mche uliokuwa bado hai baada ya kupandwa. Ukitafuta mtihani wa haki wa kazi ya misitu, huo hauna mfano. Hauulizi mwanafunzi anakumbuka nini. Unaangalia kama mti uko hai. Huku Siaya, shirika la CARE lilianza mradi wake wa ugani wa kilimo cha miti mapema katika miaka ya 1980, likifanya kazi na vikundi vya akina mama na shule. Jirani Kakamega, mradi wa kuni uligundua kwamba mila iliwazuia wanawake kupanda miti, lakini haikuwazuia kupanda vichaka, na kwa hiyo mbegu zilizotolewa zilikuwa za mimea inayohesabiwa kama kichaka, ikiwemo sesbania ambayo Wajaluo huiita asao. Uvumbuzi huo haukutoka katika mtaala wowote. Ulitoka kwa watu waliokaa na wanakijiji wakasikiliza. Baadaye utafiti wa taasisi za utafiti wa miti na misitu, ICRAF na KEFRI, pale Maseno uliichukua asao na kuipima kwa kina kama mmea wa kurutubisha udongo uliochoka, na sayansi ikatembea juu ya njia ambayo wanawake walikuwa wameifungua.

Msomaji makini atanikatiza hapa. Kama watu wa ufuo walikuwa na ujuzi huo wote, mbona ufuo ulibaki mtupu? Swali ni la haki na halijibiki kwa kusifu mila. Ni kweli miti ilipungua sana. Sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya ziwa lenyewe. Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amelijaza. Samaki huyu ana mafuta mengi na hakauki juani kama omena. Lazima akaangwe au afukizwe moshi. Viwanda vilipoanza kuchukua minofu ili kuiuza ng'ambo, kilichobaki ufuoni ni mifupa, mgongo wazi, ambayo kina mama waliikaanga kwa kuni kuwauzia watu wasio na uwezo wa kununua samaki mzima. Hitaji la kuni lilipanda ghafla kwa sababu za soko ambazo Asembo haikuzipanga. Sehemu nyingine ya jibu ni kwamba ujuzi wa wenyeji ulikuwa na mipaka. Ulijua kutunza mti wa boma; haukujua kuhesabu hekta, wala kukadiria kuni za wilaya nzima kwa miaka ishirini. Hapo mtu wa Londiani alikuwa na jambo la kufundisha. Mikaratusi nayo inatoa ushahidi: ilipandwa kwa wingi hadi kwenye chemchemi na kingo za mito, kwa kuwa hukua haraka na kuuzika haraka, mpaka mwaka 2009 waziri wa mazingira John Michuki akaagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji. Mkulima aliyeipanda pale alijua kuotesha mche. Hakuwa amefundishwa kuhusu maji. Kwa hiyo sidai kwamba mafunzo hayahitajiki. Ninachodai ni kwamba mafunzo yaanze na kile ambacho mtu tayari anakifanya vizuri, kisha yaongeze kile asichokijua.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni la usalama. Kazi ya kuangusha miti ni miongoni mwa kazi za hatari zaidi duniani, na Shirika la Kazi la Kimataifa lilitoa mwongozo wake wa usalama katika kazi za misitu mwaka 1998 kwa sababu hiyo. Siku za msumeno wa watu wawili, hatari ilikuja polepole na watu walionana. Msumeno wa injini, ambao vijana wa Siaya hukodishwa nao kwenda boma hadi boma kuangusha mvule, ober na mikaratusi, haumpi mtu nafasi ya kujifunza kwa kosa lake mwenyewe. Kutambua mti ulioegemea, kukata mdomo wa kuelekeza unakoangukia, kuacha bawaba ya mbao isiyokatwa, kupanga njia ya kukimbilia kabla ya kuwasha mashine: hayo hufundishwa kwa mpangilio, na mtu anayeyajua nusu ni hatari kwake na kwa aliye karibu. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awape wafanyakazi maelekezo na mafunzo, lakini mwenye boma aliyemwita kijana kukata mti mmoja hajioni kuwa mwajiri. Katika jambo hili ninakubali kabisa kwamba cheti kinahitajika, na kiwe cha lazima. Ndugu wa kijana aliyeangukiwa na mti hawatafarijika kwa kusikia kwamba mafundi wa Rusinga walijifunza bila karatasi.

Pingamizi la tatu linatoka upande mwingine, kwa wale wanaosema cheti chochote kitakuwa kipande kipya: kitalipiwa, kitahitaji nauli ya kwenda mbali, kitahitaji cheti cha sekondari, na mwishowe kitamfungia nje mtu yuleyule mwenye ujuzi. Wana historia upande wao, na pia wana mfano wa karibu. Ajira kubwa za serikali katika misitu miaka hii zimekuwa za askari wa misitu, wanaofunzwa kwa nidhamu ya kijeshi. Walinzi wanahitajika, na wengine wameumia wakiwa kazini. Lakini kijana anayesoma tangazo la kazi anajifunza kutoka humo kwamba kazi ya misitu ni bunduki na gwaride, na kwamba kitalu cha miche ni kazi ya mama yake. Jibu langu kwa pingamizi hili ni kwamba vyombo vya kuzuia hali hiyo tayari vipo. Sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013 iliunda baraza, CDACC, linalotunga mitaala kwa kuangalia mtu anaweza kufanya nini, na Kenya imeandaa sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi wa jua kali apimwe kwa alichonacho. Katiba ya 2010 nayo imezipa kaunti wajibu wa kutekeleza sera za taifa za misitu, na ugani wa miti mashambani umo humo. Siaya ina mamlaka ya kutosha kudai kwamba mtihani uje Rarieda badala ya mtahiniwa kwenda Londiani.

Vyombo hivyo vitafanya kazi au havitafanya kulingana na anayeketi kwenye meza ya watahini. Kama ni afisa peke yake, na fomu imeandikwa Kiingereza, mama ambaye ameendesha kitalu cha kikundi kwa miaka mingi atashindwa na maneno kabla ya kufika kwenye udongo. Kama pembeni yake ameketi fundi wa mashua, mkulima wa siala na mwanachama wa kikundi kingine cha vitalu, na kama maswali yanaulizwa kwa Dholuo au Kiswahili huku mtahiniwa ameshika mche, hukumu itakuwa na uzito ambao ufuo mzima utauheshimu. Sehemu ya kitalu na upandaji ipimwe mara mbili: siku ya kupanda, na tena baada ya kiangazi kimoja, kwa kuhesabu miche iliyo hai. Sehemu ya msumeno wa injini ifundishwe na mkufunzi aliyesomea, bila kulegeza chochote, na asiyefaulu asikabidhiwe mashine. Afisa wa Londiani abaki na sehemu ambayo anaijua kuliko wote, yaani maji, udongo, hesabu ya mbao na sheria ya vibali. Na orodha ya miti ya kupimwa isianze na saipresi. Ianze na siala, ober, asao na mvule, na mkaratusi uingie pamoja na somo la mahali usipopaswa kupandwa.